Uzi wa wenye modi za kimekanika za vepu (sigara za kielektroniki): uchafu unaokuunguza si ule unaouona

Fundi_Tochi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki hii watu watatu tofauti wamenifuata faragha na swali lilelile: "Modi yangu kitufe kinapata moto, shida nini?" Kila nikiuliza mara ya mwisho kuisafisha ilikuwa lini, jibu ni moja: "Mbona inang'aa tu mkuu." Nimeona niyaweke maelezo hapa kuliko kuyarudia kwa kila mtu. Wenye uzoefu kunizidi karibuni mnisahihishe.

Kwanza hili: naongea na watu wazima ambao tayari wanavuta na kifaa wanacho. Kama huvuti, usianze kwa sababu ya uzi wangu.

Modi ya kimekanika ni lile bomba la chuma lenye betri ndani, kitufe chini, atomaiza (kichwa kinachogeuza juisi kuwa mvuke) juu, basi. Hamna saketi, hamna skrini, hamna cha kukwambia betri imekwisha wala cha kukata umeme ikipiga shoti. Ikumbuke tochi ya bomba ya zamani: betri, springi, balbu, na ganda lenyewe la bati ndilo linarudisha umeme. Hii ni tochi ileile, ila mahali pa balbu umefunga koili (waya wa kuchemsha juisi ndani ya atomaiza) inayokula ampea 15 au 20. Tochi chafu inafifia, unaipiga kofi mbili inawaka. Modi chafu inachemka.

Tupige hesabu kidogo, msikimbie. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Koili ya omu 0.25 itavuta ampea 16.8, yaani wati kama 70. Hiyo ni kama njia yote ya umeme ni safi. Sasa weka kitufe chenye weusi unaoongeza omu 0.02 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haikuonyeshi vizuri. Koili inabaki na wati 60, na karibu wati 5 zinaishia pale kwenye weusi, eneo dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Hizo wati 5 hazina pa kwenda ila kwenye springi, kwenye chuma na kwenye kidole chako. Na joto hilo linaunguza shaba izidi kuwa nyeusi, kesho wati 5 zinakuwa 7.

Kwa hiyo mtu anayeng'arisha ganda la nje hadi ajione uso, halafu hajawahi kufungua kitufe, anapaka gari rangi wakati breki zimekufa.

Ninavyofanya mimi. Betri inatoka kwanza, inawekwa kwenye kikasha chake mbali na meza ya maji. Halafu atomaiza, kofia ya juu, bomba, na kitufe nakifungua hadi mwisho. Hapo ndipo wengi wanapoishia njiani kwa kuogopa kupoteza vipande, na kweli pale ndani kuna kipete cha plastiki cheupe cha kuzuia umeme, ukikisahau wakati wa kurudisha, pini itagusa ganda na modi itajiwasha yenyewe. Tandika kitambaa, panga vipande kwa mfuatano uliovitoa, piga picha.

Ile kitu inayonata ndani si grisi, ni juisi ya kuvuta iliyovuja. Gliserini na propileni glikoli vyote vinayeyuka kwenye maji, kwa hiyo maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo vinatosha, na mswaki mkuukuu kwa thredi (zile nyuzi za kufungia kama za skrubu). Juisi ikiwa na nikotini inapenya ngozini, vaa glavu au nawa mara moja. Suuza, kausha, kisha pitisha spiriti kwa kijiti cha pamba kwenye kila mahali pa kugusana: uso wa pini ya kitufe, pini ya juu, ukingo wa bomba. Rudia hadi pamba itoke nyeupe. Spiriti isiguse kioo cha plastiki cha tangi, itakipasua nyufa nyufa, na kwenye modi zilizopakwa rangi ijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Thredi watu wanazidharau kweli. Kwenye modi nyingi za bomba umeme unapita kwenye thredi. Ukisikia zinakwaruza ukifunga, kuna mchanga au unga wa chuma mle. Zikishakuwa safi na kavu unaweza kupaka chembe ya grisi inayopitisha umeme. Nimesema chembe. Nimeona mtu kajaza kama anapaka mkate siagi, ikatambaa hadi juu ya betri.

Betri nitaiongelea peke yake chini, maana ndiyo yenye kuua.

---

NgojaWaje

Nimekaa siti ya mbele. Mimi hata kitufe sikujua kinafunguka.

---

Msasa_Mkavu

Mkuu asante kwa darasa. Mimi kitufe nakisugua na msasa kila Jumapili, kinang'aa kama jino la dhahabu. Kuna ubaya?

---

Fundi_Tochi

Inategemea jino lenyewe. Kama pini ni shaba tupu, msasa laini kabisa wa namba 2000 hivi, mara chache, si dhambi. Ila wengi wetu pini zetu zimepakwa fedha juu, utando mwembamba sana. Jumapili nne za msasa umeshaumaliza, na chini yake kuna shaba au brasi ambayo inachafuka upesi zaidi. Ndiyo maana unalazimika kurudia kila Jumapili.

Na msasa mkali unaacha mikwaruzo. Uso wenye mikwaruzo unagusana kwenye ncha za mikwaruzo tu, umeme wote unajibana hapo, unachoma vidoti vyeusi. Spiriti na kitambaa laini kwa kawaida, dawa ya kung'arishia chuma mara mojamoja, kisha ioshe yote itoke. Dawa ikibaki kwenye thredi ni uchafu kama uchafu mwingine.

---

Shaba_Tupu

Mimi naongezea upande wa vyuma maana hapo ndipo nilipochoma pesa.

Shaba nyekundu ndiyo inayopitisha umeme vizuri kuliko metali zote tunazotumia, inapitwa na fedha tu kwa mbali kidogo. Brasi inapitisha kama robo ya shaba. Chuma cha pua hakifiki hata asilimia 5. Kwa hiyo bomba la chuma cha pua halichafuki ila linakula nguvu, la shaba linatoa nguvu ila ukilishika na mkono wa jasho asubuhi, jioni lina alama za vidole. Lile giza la kahawia la nje liacheni, halina madhara, wengine tunalipenda. La kijani ndilo la kuondoa, maana linaotea kwenye unyevu na juisi, linaingia kwenye thredi.

Kulitoa ni siki na chumvi, au nusu ya limau uliyochovya chumvi, unasugua dakika moja unaona rangi ya shaba inarudi mbele ya macho yako. Kisha maji mengi na kukausha papo hapo, ukichelewa inageuka tena.

---

Mama_Mawingu

Kaka Shaba_Tupu, hapo kwenye siki ungeweka onyo. Mimi nilisoma mahali "loweka kwenye siki", hawakusema muda gani. Nikaloweka bomba langu la brasi jioni, nikalala. Asubuhi siki imekuwa na rangi ya samawati hafifu na bomba langu la manjano limetoka la pinki. Si utani, pinki ya mashavu ya mwanasesere, kwa mabakamabaka. Nikadhani nimeuziwa feki nikaanza kumtukana muuzaji peke yangu jikoni.

---

Shaba_Tupu

Hahaha dada pole. Muuzaji hana kosa. Brasi ni shaba na zinki. Ukiloweka usiku kucha, asidi inaila zinki ya juu na shaba iliyoyeyuka inarudi kuganda usoni, ndiyo pinki hiyo. Ni ya juu tu, isugue na dawa ya chuma itarudi manjano. Dakika tano zinatosha kwa brasi, na usiende mbali na bakuli.

Kitu kibaya kuliko siki kwa brasi ni amonia. Sabuni kadhaa za vioo zina amonia, msitumie. Zamani jeshi la Uingereza kule India lilikuwa linaweka risasi karibu na mazizi ya farasi, maganda ya brasi yakawa yanapasuka yenyewe stoo bila kuguswa. Ilikuwa ni amonia ya mkojo wa farasi. Sasa wewe unapaka kwenye bomba lenye thredi nyembamba unalokaza kila siku.

---

Mama_Mawingu

Kumbe nina bahati ilikuwa siki. Narudi jikoni.

---

Fundi_Tochi

Haya, betri.

Ichukue mkononi uitazame. Ile nailoni ya rangi si pambo. Kopo lote la betri ya 18650 (ndiyo saizi ya betri zetu hizi), kuanzia kitako, ubavuni, hadi bega la juu, ni hasi. Chanya ni kile kitufe kidogo cha katikati juu peke yake. Kinachozitenganisha pale juu ni pete nyembamba ya karatasi au plastiki na ukingo wa nailoni. Upana wake ni milimita chache.

Sasa ganda la modi nalo ni njia ya hasi, na kazi ya kitufe ni kuunganisha kitako cha betri na ganda. Nailoni ikichanika ubavuni, kopo linagusa ganda moja kwa moja na kitufe hakina kazi tena: koili inawaka bila kubonyezwa, mfukoni, kwenye begi, popote. Na kama wewe ni wale wa kuweka betri kichwa chini, mchaniko huohuo ukibonyeza ni shoti kamili, umeme unarudi kwenye betri bila hata kupitia koili. Hapo ndipo betri inapumua gesi na moto.

Kwa hiyo kila ukibadilisha betri, izungushe kwenye mwanga. Si kila mwezi, kila ukibadilisha. Alama ya kucha, nailoni iliyojikunja bega, haiingii. Nailoni mpya ni kitu rahisi: unaichana ya zamani kwa ukucha (kisu hapana), unaangalia pete ya juu ipo na ni nzima, unavalisha mpya, unapuliza na kikaushio cha nywele inajibana, umemaliza. Kopo likiwa limebonyea au lina kutu, usihangaike, hiyo imekufa. Ziba ncha zote mbili kwa tepu ya umeme na upeleke wanapopokea betri chakavu, si kwenye moto wala pipa la taka.

Na msiichaji ndani ya chochote ila chaja yake, msiishushe chini ya volti 3.4 au 3.5 ikiwa imepumzika. Hakuna saketi ya kukukatia. Dalili unayopewa ni mvuke kuwa dhaifu, ukihisi hivyo badilisha, acha kubonyeza kwa muda mrefu ukilazimisha.

---

Mtazamaji_01

Samahani wakuu nitawaudhi. Ninyi mnaandika kurasa mbili za jinsi ya kuzuia bomba lisilipuke mkononi. Kuna modi zenye saketi, zinakata shoti zenyewe, zinapima koili, zinasimama betri ikishuka. Mamlaka ya zimamoto ya Marekani ilihesabu matukio 195 ya moto na milipuko ya vepu kati ya 2009 na 2016. Mwaka 2018 kule Florida mtu alifariki, kipande cha kifaa kilimwingia kichwani. Ugumu uko wapi wa kununua yenye saketi?

---

Fundi_Tochi

Hujaniudhi hata kidogo. Anayeanza, au asiyependa kuhangaika na mita, anunue yenye saketi, na nimewaambia hivyo wawili kati ya wale watatu walionifuata faragha. Matukio hayo 195 si ya modi za kimekanika peke yake, ila hizi zetu ndizo zisizo na kitu cha kukuokoa ukikosea. Mimi ninayo kwa sababu napenda kitu ninachoweza kukifungua chote na kukirudisha. Ni ubishi wangu tu, sina hoja ya kisayansi.

---

Kidole_Gumba

Mkuu Fundi, mimi ni mmoja wa wale watatu. Sasa naweka hapa ili wengine wafaidike. Modi ya brasi, kitufe cha springi, koili 0.25. Mivuto minne mfululizo siwezi tena kugusa kitufe. Na siku hizi kinashuka ndani zaidi kuliko zamani, saa nyingine kinachelewa kurudi.

---

Fundi_Tochi

Mdogo wangu, toa betri sasa hivi kabla hujasoma sentensi inayofuata.

Umeitoa? Hiyo ya kuchelewa kurudi ndiyo inanitisha kuliko joto. Springi ikipikwa sana inapoteza mvuto, inakuwa fupi, mwishoni inalala na kitufe kinabaki kimebonyea chenyewe. Fungua kitufe chote uniambie unaona nini. Nataka rangi ya springi, uso wa pini, na betri iko vipi kwenye kitako.

---

Kidole_Gumba

Nimefungua. Springi ilikuwa ya rangi ya fedha, sasa robo yake ina rangi ya zambarau na bluu kama mafuta juu ya dimbwi. Pini katikati ina doa jeusi saizi ya punje ya mtama, ukigusa na ukucha ni kama kishimo. Thredi za kitufe zimejaa kitu cheusi kinachonata, kinanukia vanila.

Betri nimeizungusha kwenye mwanga kama ulivyosema. Karibu na kitako kuna mchaniko, si mkubwa, kama punje ya mchele. Sikuwahi kuuona kwa sababu uko upande wa maandishi.

---

Shaba_Tupu

Punje ya mchele imetosha mkuu.

---

Fundi_Tochi

Hiyo betri isirudi ndani hadi ivae nailoni mpya. Hiyo springi itupe, rangi ya bluu maana yake chuma kimepikwa. Tafuta ya urefu na unene uleule, usikate ya kalamu. Ukiweka sumaku badala yake ni sawa, ila ujue sumaku hizi za neodimiamu za kawaida zinaanza kudhoofika zikifika nyuzi 80 hivi, kwa hiyo sumaku kwenye kitufe kichafu itakufia vilevile.

Hicho kishimo kwenye pini ndicho chanzo, mengine yamefuata. Sugua kidogo na msasa laini juu ya kioo ili uso ubaki bapa (Msasa_Mkavu nakuona unacheka), kisha spiriti. Na matundu ya hewa chini ya bomba, yale madogo, yazibue na kijiti. Betri ikitoa gesi hayo ndiyo mlango wake wa kutokea. Yakiziba, bomba linakuwa fataki.

Swali la mwisho: juu kuna pini yake, au atomaiza inagusa betri moja kwa moja?

---

Kidole_Gumba

Inagusa betri moja kwa moja. Ni ile isiyo na pini katikati.

---

Fundi_Tochi

Basi kila ukisafisha atomaiza ilaze kwenye usawa wa jicho. Pini ya 510 (ile ya katikati ya thredi za atomaiza) lazima itokeze wazi chini ya ukingo wa thredi, na ukiisukuma kwa kidole isirudi ndani. Thredi ni hasi. Pini ikizama, thredi ndiyo itakayokaa juu ya chanya ya betri, na hapo ukibonyeza tu ni shoti. Kuna atomaiza ambazo ukikaza skrubu ya koili pini inajizungusha na kupanda. Nyingine pini yake inabonyea kwa springi, hizo kwenye modi kama yako hazifai kabisa.

---

Mama_Mawingu

Na koili jamani, mbona hamuigusi? Juisi zangu ni tamu, siku mbili koili imekuwa kama mkaa.

---

Fundi_Tochi

Ni kitamu cha kwenye juisi kinachoungua, dada. Toa pamba inayonyonya juisi, bonyeza vipindi vifupi, sekunde moja na kuachia, hadi iwe nyekundu hafifu, izime ipoe, sugua chini ya maji na brashi ndogo, weka pamba mpya. Koili ya waya wa kanthali au nikromu tu, ya titani au nikeli usiiwashe kavu. Na pima omu kabla hujairudisha, maana ukisugua mizunguko inaweza kugusana na 0.25 yako ikawa 0.18 bila taarifa. Ampea 23 hizo. Betri nyingi za 18650 zimepimwa kwa 20 au chini ya hapo.

---

Kidole_Gumba

Narudisha majibu wakuu, siku tatu zimepita.

Nilipima kwenye nguzo za koili nikiwa nimebonyeza, betri ya pili ile yenye nailoni nzima, imejaa. Kabla ya kusafisha volti 3.2. Baada ya springi mpya na pini bapa, betri ileile imejaa tena, volti 3.6. Yaani nilikuwa navuta kwa wati 41 nikidhani ndiyo nguvu yake, sasa ni karibu 52. Mivuto minne, sita, kitufe ni vuguvugu tu. Maji ya kuoshea thredi yalitoka kama chai ya rangi.

Shida mpya: koili ileile niliyokuwa naivuta vizuri miezi yote sasa inaniunguza koo.

---

Shaba_Tupu

Ulikuwa umeizoea na uchafu wake.

---

Kidole_Gumba

Ndiyo naona. Nimeitoa, nimefunga ya 0.4.

---

Fundi_Tochi

Ampea 10 na nusu. Na pini ya atomaiza, umeitazama baada ya kukaza?

---

Kidole_Gumba

Nimeitazama. Ilikuwa imepanda kidogo, nimeishusha.